Moshi Uliolala Ukutani

Mwaka wa 1977 nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na ndipo shida zilipoanza. Baba alikufa kule Marachi msimu wa kupanda, mama akarudi kwao, na mimi nikatolewa darasa la tatu nikachunge ng'ombe za watu. Darasa hilo la tatu ndilo chuo kikuu changu. Nasema mapema ili msomaji asitafute kwangu maneno ya vitabuni. Nilichonacho nimekitafuta kwa mgongo. Nilibeba magunia Malaba, nikawa taniboi, msaidizi wa dereva, kisha nikawa dereva, mwishowe nikanunua lori. Kuukuu, lakini jina kwenye kadi lilikuwa langu.

Lakini leo siandiki habari zangu. Naandika habari za mtu mmoja niliyefanya kazi naye miaka mingi bila kumwelewa vizuri. Mbele yake tulimwita injinia. Akigeuka, tulimwita Mwosha Moshi.

Jina hilo halikuwa la kejeli, ndiyo kazi aliyoandikwa kufanya. Chini ya barabara itokayo Busia kwenda Malaba kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha vyuma vikuukuu. Stima, yaani umeme wa serikali, ilikuwa inapotea potea, kwa hiyo kiwanda kikajitengenezea yake: tanuri kubwa linachoma mafuta mazito, yale meusi kama lami, maji yanachemka, mvuke unazungusha mashine. Sasa mafuta yale yana salfa ndani. Ukiyachoma, salfa inatoka na moshi. Ukiuvuta unakwaruza kifua, ukikutana na mvua unakula mabati ya watu. Ndiyo maana kando ya tanuri walisimamisha mnara wa chuma. Moshi unaingizwa chini, na juu kunanyeshwa maji yaliyokorogwa na chokaa, meupe kama maziwa. Chokaa inaikamata salfa, zinaanguka pamoja chini kama tope jeupe, na kinachotoka juu ni mvuke tu. Yeye ndiye alikuwa bwana wa mnara. Mimi ndiye nilimletea chokaa kwa lori kutoka Tororo.

Siku ya kwanza nilimnyooshea mkono akaukataa. Nilikasirika, kwa sababu mimi nikisalimu nataka kusalimiwa.

"Usinishike, mzee," akasema. "Mkono wangu unachoma."

Akaugeuza nikaona. Kucha zilikuwa zimeliwa mpaka kwenye nyama, na mistari ya kiganja ilikuwa imefutika, laini kabisa, kama kiganja cha mtu ambaye bado hajazaliwa. Na alikuwa mweupe, kope na masikio na hata ndani ya mikunjo ya shingo. Alioga, nina hakika alioga, lakini chokaa ilikuwa imeingia mahali ambapo maji hayafiki.

Alipoketi mahali aliacha alama. Pale kwa mama wa chai, karibu na lango la kiwanda, alikuwa na pembe yake kwenye benchi. Akiondoka, mtu mweupe alibaki pale ubaoni, mgongo na mapaja na mkono mmoja, na hakuna mteja aliyekubali kumkalia. Mama wa chai alikuwa anamwaga maji ya moto juu yake.

"Injinia, kunywa chai uende na mwili wako wote," alimwambia siku moja. "Huyu unayemwacha hapa halipi."

Hakucheka. Sikumwona akicheka kwa sauti miaka yote ile. Alitabasamu na mdomo umefungwa, kama mtu anayezuia kitu kisitoke.

Kitu kilichonisumbua zaidi ni sikio lake. Saa za mchana, jua likiwa katikati, wafanyakazi wengine wamelala chini ya malori, yeye alikwenda akabandika sikio kwenye chuma cha mnara, macho amefumba, midomo inasogea. Nilidhani anaomba. Baadaye nikasikia ni Kiingereza, na anauliza maswali. Akimaliza swali ananyamaza kidogo, kisha anaitikia kwa kichwa.

"Unaongea na nani?" nilimuuliza.

"Leo anapumua kwa taabu. Njoo usikie."

Mimi siogopi chuma. Nikaweka sikio. Ndani kulikuwa kunanyesha, si matone ya bomba bali mvua yenyewe, nzito, ile ya mwezi wa nne inayokufanya utafute mahali pa kujisitiri, na chini ya mvua ile kulikuwa na kitu kinapanda polepole kikihema. Nje jua linachoma, hakuna wingu mpaka kwenye mwamba wa Tororo. Niliondoa sikio haraka. Yeye alikuwa ananitazama.

"Haijakatika tangu walipowasha," akasema. "Ikikatika, mtajua wote."

Alikuwa amesoma, na hakuficha. Diploma alikuwa nayo, ng'ambo alifika, vituo vikubwa vya stima alivifanyia kazi. Alinirekebisha mbele ya watu. Nikisema moshi umeisha, anasema, "Hauishi, mzee. Unahama." Nikisema chokaa imeua moshi, anasema, "Haijaua. Imeulaza." Maneno yake yote yalikuwa hivyo, nusu anayatoa, nusu anabaki nayo. Watu waliosoma wana ugonjwa huu, wanafikiri wakielewa wao basi wameshasema. Mimi nilimwambia wazi kwamba hotuba zake ni kama gunia lisiloshonwa mdomo. Alikubali kwa kichwa, vilevile kama alivyoukubalia mnara.

Na huyo mtu, mwosha moshi wa tajiri, alikuwa anavuta kiko. Tumbaku kali ya kienyeji, anavuta hadi macho yanatoka machozi. Nilimtania, nikamwambia moshi wa tajiri anauosha na wake anaumeza mbichi.

"Huu wangu najua unalala wapi," akajibu, akajigusa kifua.

Kitu kingine kilikuwa maharagwe yake. Alipanda miche kwenye mikebe ya mafuta ya kupikia, akagawa mkebe mmoja mmoja kwa nyumba zote ambazo upepo wa kiwanda huelekea. Pampu ikiziba au maziwa ya chokaa yakiwa mepesi, moshi unapita bila kuoshwa, na jani la haragwe linajua kabla ya mtu. Linapata mabaka meupe kati ya mishipa, kama limechomwa na pasi. Kwa hiyo kila asubuhi alizunguka akikagua majani. Aliingia kwenye boma bila hodi, akainama juu ya mkebe, akashika jani moja moja kwa zile kucha zake zilizoliwa, kisha ndipo akainua uso.

"Mmelalaje?" anauliza, na huwezi kujua anauliza nani.

Mke wangu, Mama Nafula, alikuwa mwanamke wa kusema. "Injinia, sisi pia tuko hapa," alimwambia. "Au mpaka tuote majani?"

"Nyinyi mnachelewa kuonyesha," akajibu. Akaenda nyumba ya pili.

Wengine waliacha maharagwe yakauke ili asije tena. Alileta mengine.

Sasa nifike kwenye tope. Lile lililoanguka chini ya mnara lilivutwa na pampu mpaka nyuma ya ua, likakauka likawa kilima cheupe. Kwetu mwezi wa kumi na mbili ukikaribia, wanawake wanapaka nyumba. Watoto wanarudi kutoka Nairobi, wageni wa Krismasi wanakuja, na mwanamke ambaye ukuta wake umepasuka anasemwa mpaka mwaka mpya. Kawaida wanachanganya udongo na mavi ya ng'ombe, wanamalizia na udongo mweupe unaochimbwa mbali. Mwaka huo mtu mmoja alijaribu lile tope la kiwanda. Lilishika vizuri, laini kama sahani, na lilikuwa la bure. Katika wiki chache nyumba zote za mstari wetu zikawa nyeupe. Mama Nafula alipaka yetu nje na ndani, unene wa kidole, akapiga msasa kwa jiwe la mtoni. Ilikuwa nyumba nzuri, nitasema ukweli. Lakini ukisimama barabarani saa za mchana, ukaona nyumba zile zote zimenyamaza na weupe mmoja, bila kivuli, ulihisi kwamba ni wewe unayetazamwa.

Mwosha Moshi alikuja asubuhi akasahau maharagwe. Alitembea kutoka ukuta hadi ukuta akiweka kiganja. Kwetu alisimama muda mrefu.

"Mmepaka moshi," akasema.

Mama Nafula akacheka. "Injinia, moshi ni mweusi."

"Yale yote ambayo mngeyakohoa nyinyi, niliyatoa hewani. Mkayafuata nyuma ya ua, mkayaleta nyumbani."

"Na sasa yanafanya nini hapo ukutani?"

"Yamelala."

"Basi hatutapiga kelele," akasema mke wangu, na wanawake wote wakaangua kicheko.

Tangu siku hiyo hakuingia tena nyumba ya mtu. Ukimkaribisha ndani anakaa nje. Mvua ikinyesha anakaa mvuani. Tulidhani ni dharau ya wasomi. Hakusema ni kitu gani kingeamsha kile alichosema kimelala. Hakusema, na kwa hilo nilimlaumu, na bado namlaumu.

Mwaka uliofuata, kiangazi kikiwa kimeanza, Mama Nafula akaanza kukohoa. Hakukohoa shambani wala sokoni. Alikohoa akiwa ndani ya chumba chetu cha kulala tu. Alisema ananusa kiberiti kilichowashwa. Nikanusa na mimi, na kweli, kiberiti, na hakuna mtu aliyewasha. Kisha tukaona mende wameondoka. Mijusi wa ukutani wakaondoka pia, na mjusi haondoki nyumba ya mtu bure. Kifua cha mke wangu kikaanza kupiga filimbi. Nilimpeleka hospitali, akakaa huko, akapata nafuu, nikamrudisha, na kabla ya wiki kwisha amekaa tena ukingoni mwa kitanda, mabega juu, anatafuta hewa kama mtu anayezama mahali pakavu. Daktari aliniita kando. Alisema ni pumu, na kwamba ikimshika tena kwa nguvu ile huenda nisifike naye hospitali.

Watu wakaanza kusema. Akina mama wa kanisa walikuja kuomba, wakaimba nyimbo mbili, wa tatu hawakuumaliza kwa kukohoa. Mmoja wao akarudi nyuma mpaka mlangoni, akanyoosha kidole kwenye ukuta wa upande wa kichwa cha kitanda.

"Kuna kitu hapo kinapumua," akasema. Akaenda bila viatu vyake.

Kaka yangu alitaka tulete mganga kutoka Samia. Mimi siamini waganga, lakini nilikuwa nimeanza kuhesabu ng'ombe wa matanga kichwani, na mtu aliyefika hapo anaamini chochote. Nilikuwa tayari kumtuma.

Mwosha Moshi ndiye alifika kwanza, saa sita za mchana. Sikumwita. Alisema maharagwe ya nje ni mazima, na amesikia mama anaumwa, na mambo hayo mawili hayakai pamoja. Alisimama mlangoni akinusa. Kisha akachukua mkebe wa maharagwe kutoka uani, akaingia ndani ya nyumba yetu mara ya kwanza tangu ipakwe, akauweka juu ya mto wa mke wangu.

"Mama alale kwa dada yake leo. Hili lilale mahali pake."

Asubuhi tuliingia pamoja. Majani yaliyoelekea mlango yalikuwa ya kijani. Yaliyoelekea ukuta yalikuwa meupe kama karatasi. Lilikuwa haragwe moja limegawanyika katikati, nusu hai. Mimi nimepitisha lori kwenye mafuriko ya Budalang'i, na sijawahi kuogopa vile.

"Nani anaishi nyuma ya huu ukuta?" akauliza.

Nyuma kulikuwa na chumba nilichompangisha fundi wa betri, mtu mpole wa kutoka upande wa Teso, aliyehudumia malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Tukamwita. Mwosha Moshi akamuuliza asidi kuukuu anaimwaga wapi.

"Hapa chini ya ukuta, boss," akasema fundi. "Nje kuna kuku za watu. Hapa udongo unakunywa."

"Unakunywa vipi?"

"Unachemka kidogo, halafu unanyamaza. Kila siku unakunywa. Haushibi."

Tulitazamana. Mwosha Moshi akabandua kipande cha ule weupe, akakitia kwenye kifuniko cha mkebe, akatoka nacho uani. Akamwambia fundi adondoshe asidi kidogo. Kikatoa sauti kama mtu anayevuta pumzi kwa meno. Halafu ile harufu. Mama Nafula, aliyekuwa amesimama langoni kwa sababu alikatazwa kukaribia, alijifunika pua na leso akarudi nyuma.

Mwosha Moshi hakurudi nyuma. Aliinamisha uso juu ya kifuniko akavuta, macho amefumba, kama anavyofanya mtu akinusa nguo ya mtoto aliyesafiri.

"Huu niliukamata mimi mwenyewe," akasema polepole. "Nilidhani nimemaliza nao."

Kisha akaniambia niangushe ukuta.

"Hii nyumba nimejenga na mikono yangu," nikasema.

"Najua."

"Krismasi nzima watu walikuja kuitazama."

"Mzee, mimi kazi yangu ni kuosha. Ya kubomoa ni yako. Lakini mama asirudi humo."

Nilitaka kumpiga, nasema ukweli. Nilisimama pale na hasira ya mtu aliyeanza bila hata mkeka. Halafu nikamtazama Mama Nafula pale langoni, mabega yake yakipanda na kushuka kwa kazi ile ile, kazi ambayo wewe na mimi tunaifanya bila kujua. Nikaenda kuchukua sururu.

Kwanza injinia alimwaga ndoo ya maziwa ya chokaa chini ya ukuta, akasema ni kuutuliza, na kweli ile harufu ikapungua. Tukafunga vitambaa vilivyoloweshwa, mimi na fundi wa betri, tukaangusha ukuta ule, kisha tukakwangua nyumba yote, ndani na nje, mpaka udongo wenyewe ukaonekana. Mwosha Moshi alibeba vile vipande vyote kwenye toroli, akavirudisha kiwandani, mara nyingi, bila kumruhusu mtu amsaidie. Fundi alilia kama mtoto. Nilimwambia aache, hakuna aliyemwambia kitu. Mke wangu alirudi nyumbani baada ya mvua za kwanza. Filimbi ilikwisha taratibu, kama redio inayoishiwa na betri.

Kiwanda kiliungwa na laini kubwa ya stima baadaye, tanuri la mafuta likazimwa. Mnara waliukata vipande wakauyeyusha pamoja na vyuma vingine. Yeye hakuaga. Siku moja hakuwepo tu.

Mwaka jana nilikuwa Busia kutafuta magurudumu. Mtu alisimama mbele yangu karibu na soko akaniita mzee. Sikumjua. Alikuwa mwembamba, amezeeka, na ngozi yake ilikuwa nyeusi kama yangu, safi kabisa. Hiyo ndiyo iliyonishtua. Nilikuwa naona kwa mara ya kwanza mtu aliyekuwa ndani ya ule weupe, na sikuwahi kufikiria kwamba kulikuwa na mtu. Shati lake lilikuwa na matope mabichi begani.

"Mama anapumua?" akauliza. Hakunisalimia.

"Anapumua vizuri sana. Nani amekutupia matope?"

Sauti yake ilikuwa imebaki kidogo sana, ilibidi niiname. Alisema anatembea nyumba kwa nyumba, mstari wote wa zamani. Nyingi bado ni nyeupe, wamepaka tabaka juu ya tabaka. Na sasa watu wameweka sola, betri zinakaa ndani, chini ya kitanda, zingine zinavuja. Anagonga mlango, anashika ukuta, anawaambia kimelala. Wanamfukuza. Wanasema ni mchawi. Asubuhi hiyo walimtupia matope.

"Kwa nini huwaambii maneno wazi?" nikasema. "Hata sisi hukutuambia. Mke wangu alikuwa karibu kufa na wewe ulijua."

"Niliwaambia kimelala."

"Hiyo si kusema, injinia. Hicho ni kitendawili."

 Watu walitupita na magunia ya dagaa. Midomo yake ilisogea kidogo, kama zamani kwenye chuma, lakini sasa hakuna kilichomjibu.

"Sijui kusema namna nyingine," akasema. "Nimejaribu. Wewe unajua. Wewe sema."

Nikamwambia nitasema. Hakunishukuru. Alitazama kifua changu, akakitazama kinapanda na kushuka, akaitikia kwa kichwa, akaondoka kuelekea stendi. Sijamwona tena, na niliowauliza hawajui aliko, wala kama amezikwa.

Nimepita nyumba hizo. Watu wa nyumba kumi na mbili walinisikia na kutoa betri nje. Wa nyumba tatu walinifungia mlango, na mmoja alisema namfuata mchawi. Kwa hao, na kwa wengine ambao sijawafikia, naandika hapa bila kuzunguka: kama ukuta wako ulipakwa lile tope jeupe la kiwanda, usiweke betri ndani. Asidi ikigusa ule weupe, moshi unatoka, na atakayeuvuta ni yule anayelala karibu na ukuta.

Leo nina malori mawili, moja linatembea. Nina vyumba sita vya kupangisha Malaba, vya matofali, havijapakwa kitu. Nina ekari mbili Marachi, ng'ombe wanne, sururu moja yenye mpini mpya. Na nina Mama Nafula, ambaye anakoroma.